BI. ROSE BLUMKIN, MUUZA FANICHA WA OMAHA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Wengine wenu mmetuuliza kwa nini leo tunazungumza habari za mwenye duka, na sisi ni chama cha wafanyakazi. Twajibu kwa ufupi: mtu afanyaye kazi kwa tajiri hana budi amjue tajiri ni mtu wa namna gani. Tena huyu alianza chini kuliko wengi wetu.

Rose Blumkin alizaliwa mwaka 1893 katika kijiji cha Shchedrin, karibu na Minsk, nchi iliyotawaliwa wakati ule na mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa rabi, mwalimu wa dini ya Kiyahudi, lakini aliyewalisha watoto wanane ni mama, kwa duka lake dogo. Rose shule hakuingia hata siku moja. Alipokuwa na miaka 13 alitoka kwao kwa miguu, bila kuvaa viatu ili visiishe, akaenda kutafuta kazi. Akaipata dukani, mji wa Gomel, na miaka mitatu baadaye alikuwa msimamizi, wanaume wazima wakiwa chini yake.

Mwaka 1917, mumewe akiwa ametangulia Marekani, alipanda treni ya Siberia. Mpakani mwa China askari akamzuia, maana hakuwa na pasipoti. Akamwambia anakwenda kununua ngozi za jeshi, na akirudi atamletea chupa ya pombe. Chupa ile haikuja.

Alifungua duka la fanicha mjini Omaha mwaka 1937, katika chumba cha chini ya ardhi, kwa dola 500 za kukopa. Alikuwa akiongeza faida kidogo tu juu ya bei ya kununulia. Wenye maduka makubwa wakakasirika, wakawabana wenye viwanda wasimwuzie. Yeye akatafuta mali miji mingine. Akashtakiwa kwa kuuza mazulia kwa bei rahisi mno. Hakimu alimwachilia, kisha mwenyewe akaenda kwake akanunua mazulia ya dola 1,400!

Mwaka 1983 kampuni ya Warren Buffett ilinunua sehemu kubwa ya duka lile kwa zaidi ya dola milioni 50. Mwaka 1989, akiwa na miaka 95, aligombana na wajukuu zake waliosimamia duka. Akaondoka, akafungua duka lingine ng'ambo ya barabara kushindana nao. Buffett akalinunua na hilo mwaka 1992. Bibi alifariki mwaka 1998, umri wake miaka 104.

Sasa tufike kwa wafanyakazi wake. Bibi huyu alizunguka dukani juu ya kigari kidogo, siku zote saba za juma, na aliyemwona amezubaa alimkemea, pengine akamfukuza papo hapo. Mwanawe Louie, mtu mpole, ndiye aliyekuwa akiwarudisha kazini waliofukuzwa. Watu husimulia jambo hili kwa kicheko. Sisi hatucheki sana. Je, siku Louie akiwa mgonjwa?

Hapa Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, au kwa kazi mbovu, au kwa udhaifu wa mwili, tajiri amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na amsikilize, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama ambaye amemchagua mwenyewe. Lakini mtu akiwa peke yake, kwa hofu, hukubali kutoka bila kuuliza neno, na sheria yabaki kitabuni. Ninyi mnaopiga randa Gikomba na kando ya Ngong Road mwajua tunasema nini: wangapi kati yenu wana barua ya kazi mkononi?

Karatasi za kuandika majina ya wawakilishi wa kila karakana ziko mezani kwa katibu, karibu na mlango. Asiyejua kuandika atasaidiwa.