Jalidi Inakuja: Tulinde Viazi, Mifugo na Nyumba

(Hotuba ya kusomwa katika mabaraza ya wadi, Kaunti ya Nyandarua)



Ujumbe wa leo unahusu jalidi, ule umande unaoganda usiku na kuacha shamba likiwa jeupe alfajiri. Wakazi wa Kinangop, Kipipiri, Ol Kalou, Ol Joro Orok na Ndaragwa wanaijua. Mkulima hulala akiwa na nusu ekari ya viazi vinavyopendeza. Akiamka anakuta majani yamelegea, na kufikia saa sita mchana yamekuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji moto. Mwezi wenyewe ni Januari, shule zinafunguliwa, na viazi hivyo ndivyo vilivyotarajiwa kulipa karo.

Hatari huwa kubwa kuanzia mwisho wa Desemba hadi Februari. Wengine hushangaa, kwa sababu miezi ya baridi inayojulikana ni Juni, Julai na Agosti. Lakini Julai mawingu hufunika anga, na mawingu hufanya kazi ya blanketi: huzuia joto la udongo lisipotee. Januari mambo hubadilika. Mchana jua huwa kali, usiku nyota huwa tele, hewa ni kavu na upepo umetulia. Joto ambalo udongo uliweka mchana hupotea angani usiku kucha, na saa chache kabla ya mapambazuko ndipo baridi hufika kilele. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Januari 2012, jalidi ilipounguza majani chai huko Kericho na Nandi.

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa yenye joto. Huteremka polepole kama maji na kutuama mahali pa chini. Ndiyo maana shamba lililo kwenye mteremko husalimika huku la bondeni, hatua chache tu chini yake, likiungua. Mkulima anayepanga msimu ujao aweke viazi na maharagwe sehemu ya juu, na sehemu ya bondeni aiachie kabeji na karoti, ambazo huvumilia baridi zaidi. Ikiwa ua mnene umefunga upande wa chini wa shamba, apunguze matawi ya chini ili hewa baridi ipate pa kupitia. La sivyo, ua huo huizuia kama bwawa.

Kuna jambo jingine la kuangalia katika utabiri. Vipimajoto vya vituo vya hali ya anga huwekwa juu ya ardhi, karibu na kimo cha mtu. Usiku mtulivu, baridi iliyo kwenye majani huwa kali kuliko ile ya kipimo. Utabiri ukisema nyuzi 3 au 4 za selsiasi, huku anga ikiwa wazi, mkulima asiseme bado ni salama. Majani ya viazi huanza kuharibika joto linaposhuka kidogo tu chini ya nyuzi 0. Tena, hewa ikiwa kavu sana mimea huweza kuungua bila weupe wowote kuonekana. Utabiri wa Idara ya Hali ya Anga hutangazwa redioni, na afisa wa kilimo wa wadi anaweza kueleza unamaanisha nini kwa eneo husika.

Mkulima afanye nini dalili zikionekana?

Kwanza, viazi vilivyokomaa vivunwe. Visivyokomaa vilimiwe vizuri, udongo ufunike mizizi.

Pili, mwenye maji anyweshe shamba mchana, jua likiwa bado lipo. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto zaidi kuliko udongo mkavu, na huliachilia usiku. Kwa sababu hiyohiyo, nyasi za matandazo zilizo katikati ya mistari ziondolewe kwa muda, kwani huzuia joto la udongo lisiyafikie majani.

Tatu, vitalu vya miche vifunikwe kabla ya jua kutua kwa magunia, neti au nyasi zilizowekwa juu ya fito. Kifuniko kifike chini pande zote na kisiguse majani. Asubuhi jua likishapanda kiondolewe.

Nne, anayetumia mashine za kunyunyizia maji usiku ajue kwamba zikianza hazisimami mpaka barafu iyeyuke asubuhi. Kuzizima katikati ya usiku huleta hasara kubwa kuliko kutonyunyiza kabisa. Ikiwa mafuta au maji hayatoshi hadi asubuhi, ni afadhali asianze.

Kuchoma matairi shambani hakusaidii. Moshi hauwezi kulizuia joto kama mawingu yanavyofanya. Unachoacha ni sumu kwenye hewa na vifua vya watoto.

Kwa mifugo, ndama wachanga, kondoo waliozaliwa karibuni na vifaranga ndio wa kwanza kudhurika. Wapate mahali pakavu, penye majani makavu ya kulalia na pasipopitiwa na upepo. Ng'ombe waongezewe chakula jioni, kwani kumeng'enya nyasi huupa mwili joto. Mtama au nyasi jamii ya mtama iliyounguzwa na jalidi isilishwe mara moja. Huweza kuwa na sumu inayoua ng'ombe kwa muda mfupi. Afisa wa mifugo aulizwe kwanza.

Sasa nyumba, na hapa pana uhai wa watu. Baridi ikizidi, familia nyingi huingiza jiko la makaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na aliyelala hawezi kuitambua. Jiko kutotoa moshi si dalili ya usalama.

Februari 2021 baridi kali iliyagandisha maeneo ya Texas, kusini mwa Marekani, ambako watu hawakuzoea baridi ya namna hiyo. Umeme ulikatika kwa mamilioni ya nyumba. Kwa hesabu rasmi ya jimbo hilo, watu 246 walifariki. Wengi waliuawa na baridi yenyewe, lakini wengine waliuawa na hewa hiyo ya sumu walipokuwa wakitafuta joto. Nchi tajiri haikuwaokoa na kosa ambalo hata hapa hufanyika.

Kwa hiyo jiko lipashe chumba joto mapema, dirisha likiwa wazi, kisha litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala. Watoto na wazee wavae nguo nzito, soksi na kofia, na walale pamoja. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au kichefuchefu ndani ya chumba chenye jiko, atolewe nje mara moja na apelekwe kituo cha afya. Mtoto anayekohoa na kupumua kwa kasi asisubirishwe hadi kesho, kwani huenda ni homa ya mapafu.

Na jalidi ikishapiga? Mkulima asikimbilie kung'oa. Asubiri wiki moja hivi. Mara nyingi shina la kiazi lililo chini ya udongo huwa hai na huchipua upya. Apige picha za hasara, aandike tarehe na ukubwa wa sehemu iliyoharibika, kisha amjulishe afisa wa kilimo wa wadi. Mwenye bima ya mazao atoe taarifa bila kuchelewa. Wanachama wa vyama vya akiba na mikopo wazungumze na vyama vyao kabla ya siku ya kulipa, si baada yake.

Mwisho, kila mmoja apitie kwa jirani. Kuna mzee anayeishi peke yake ambaye hakusikia redio, na kuna mama mgeni bondeni asiyejua jalidi ni nini. Jioni ambayo anga imetakata na upepo umetulia, wabishiwe hodi na kuambiwa.