Elimu ya Watu Wazima Mkoani Mara
Maelezo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Musoma



Nimeombwa niseme juu ya vyuo, na bila shaka mnatazamia Chuo Kikuu. Mimi nitasema juu ya Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa, wilayani Bunda, ambacho wengi wetu hatujakanyaga.

Mkoa huu si mgeni wa kusoma ukubwani. Mwalimu Nyerere alitoka Butiama akaanza darasa la kwanza hapa Mwisenge mwaka 1934, umri wake miaka 12 hivi. Na kabla ya 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mikoa ya Ziwa ilikwisha kuwa na mpango wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO: mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa asilimia 67. Mwaka 1986 walibaki 9.6.

Lakini aliyekwisha kujua kusoma aende wapi? Ndipo vyuo hivi vikaanzishwa mwaka 1975, kwa kufuata mfano wa Sweden. Mkoani kwetu viko vitatu: Kisangwa, Musoma na Tarime. Hufundisha useremala, uashi, ushonaji, kilimo. Miaka ya karibuni vimepokea hata mabinti walioacha shule kwa uzazi, na mtoto hulelewa chuoni mama akiwa darasani. Hilo sisi tuliosoma bwenini hatukuliwaza kamwe.

Katika utumishi wangu nimeona cheti cha chuo cha wananchi kikisukumwa chini ya rundo la maombi bila kusomwa, na anayekisukuma ni msomi kama sisi. (Nyumba yake, lakini, imejengwa na mafundi wa namna hiyohiyo.)

Nanyi wanafunzi, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wapo watakaoambiwa nyumbani kwamba wamekwisha. Msikubali kabla hamjafika Kisangwa kuuliza.

Ndugu Mwenyekiti, mfuko wetu huwalipia wanaokwenda Chuo Kikuu tu. Natoa hoja: nafasi mbili kila mwaka ziwe za Kisangwa, moja ya kijana wa shule hii aliyefeli, nyingine ya mama kijana wa vijiji vya jirani. Naomba ijadiliwe leo, kabla ya chakula.