Mguu wa Mtoto Ukilegea Ghafla, Msingoje



Mtoto akikanyaga mwiba, huinua mguu kabla hajalia. Habari ya maumivu hufika kwenye uti wa mgongo, na papo hapo neva za mwendo huamuru misuli ikaze. Ubongo hujua baadaye. Ndiyo maana daktari hugonga chini ya goti kwa nyundo ndogo: mguu ukiruka, neva hizo zinafanya kazi.

Virusi vya polio huua neva za mwendo. Msuli upo, ila hakuna wa kuuamuru. Mguu hulegea, na ukigongwa hauruki, ingawa mtoto bado anahisi ukimfinya. Neva iliyokufa hairudi. Polio haina tiba. Kinga ni chanjo.

Ombi langu ni moja. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, msiseme amerogwa, wala msingoje akandwe kwanza. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tunahitaji sampuli mbili za choo, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee. Tukichelewa, virusi huenda visionekane, na huku vinaenea kwa watoto wa jirani ambao wengi hawaonyeshi dalili yoyote.

Si kila kulegea ni polio, lakini kila kulegea lazima kupimwe.