Daraja la Mto Tsavo na Hesabu ya Waliokufa



Tumeombwa tuseme machache juu ya daraja la reli la Mto Tsavo, ambalo wengi wetu tulilivuka zamani usiku, tumelala ndani ya gari la moshi.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na mapema mwaka 1898 ilikuwa imefika Tsavo, zaidi ya maili 130 kutoka pwani. Mwezi wa Machi alifika Bwana J. H. Patterson kusimamia ujenzi wa daraja. Waashi wa Bara Hindi walichonga mawe na kusimamisha nguzo, kisha maboriti ya chuma yakalazwa juu yake. Mto ulipofurika ulizoa madaraja madogo ya kupitishia mawe, lakini nguzo hazikutikisika. Mapema mwaka 1899 kazi ilikwisha.

Habari za wale simba wawili hatuna haja ya kuzirefusha. Waliwanyakua watu mahemani usiku kwa miezi mingi, hata tarehe 1 Desemba 1898 makuli wengi wakaparamia gari la moshi wakakimbilia pwani, na kazi ikasimama kiasi cha majuma matatu. Patterson aliwaua wote wawili mwezi huo huo.

Neno letu hasa ni hesabu. Katika kitabu chake cha mwaka 1907, Patterson anataja Wahindi 28 waliouawa. Na Waafrika? Asema tu kwamba walikuwa wengi, wala hapakuwekwa daftari lao. Baadaye alitaja watu 135. Na mwaka 2009 wataalamu waliopima mifupa na nywele za simba wale walikadiria 35. Shika uipendayo, hakuna hata moja iliyoambatana na majina ya Waafrika wale. Simba wenyewe wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chicago tangu mwaka 1925, na kila mgeni huelezwa habari zao.

Wako wanachama walionung'unika kwamba katibu, kabla ya kutoa fedha ya sanda, huuliza jina la marehemu, la baba yake na la kijiji chake. Tunamwunga mkono katibu. Na mzee yeyote aliyesikia kwa babu yake jina la mtu aliyefia Tsavo, tunamwomba alilete ofisini, liandikwe katika daftari hilo hilo.