Sera ya Idadi ya Watu na Sanduku Letu

(Mazungumzo ya mlezi wa kikundi siku ya sherehe ya miaka kumi)



Nimeombwa nizungumzie Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu na nafasi yake katika maendeleo. Nilipoitaja mada hii kwa jirani yangu akaniuliza, "Ndiyo ile ya kutupangia tuzae wangapi?" Nianzie hapo hapo, maana wengi hufikiri hivyo. Siyo. Sera hii haimpangii mtu idadi ya watoto. Ilitolewa mwaka 1992, ikafanyiwa marekebisho mwaka 2006. Kwa kifupi inasema kwamba anayepanga shule, zahanati, maji, ardhi na ajira sharti ajue watu ni wangapi, wanaongezeka kwa kasi gani na wanahamia wapi. Na kuhusu uzazi inataka mume na mke waamue wenyewe, kwa hiari yao, wakiwa na elimu na huduma karibu. Jambo lenyewe ni la zamani kuliko sera. Mwalimu Nyerere aliligusa mwaka 1969 alipoeleza Mpango wa Pili wa Maendeleo: mtoto hazaliwi tu, analelewa, anatibiwa na kusomeshwa.

Sasa hesabu kidogo. Sensa ya 1967 ilitukuta Watanzania milioni 12.3. Ya 1988 milioni 23.1. Ya 2002 milioni 34.4. Ya 2022 ikatukuta 61,741,120. Kati ya 2012 na 2022 tuliongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka, na Mweka Hazina wetu anajua riba inavyozaa riba: kwa kasi hiyo watu huwa mara mbili kwa miaka kama 22. Maana yake, ili tubaki hapa hapa tulipo, bila kusogea hata hatua moja, kila darasa linadai la pili, na kila kitanda cha wodi ya wazazi kinadai cha pili.

Wapo wanaosema nchi ni kubwa na mapori bado yapo. Sibishani nao. Lakini sisi wa huku mlimani tunajua habari ya kihamba. Babu alikuwa na migomba, kahawa chini yake, ng'ombe zizini, na nafasi ya kuzikwa. Akawagawia wanawe, nao wakawagawia wa kwao. Chukueni ekari mbili, mgawie wana watano, kisha kila mmoja awagawie watatu. Mwisho unabaki na uwanja wa nyumba na migomba ya kuhesabu kwa vidole. (Binti nisimtaje, maana kwenye mgao huo mara nyingi hakuitwa kabisa.) Ndiyo sababu vijana wetu wameteremka Moshi, Arusha na Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya 2022 ilikuta lina watu zaidi ya milioni 5.3.

Lakini nisiwatishe, maana mabadiliko yapo na ni makubwa. Utafiti wa afya ya uzazi wa 1991-92 ulionyesha kuwa mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto zaidi ya 6. Ule wa 2022 ukaonyesha 4.8: mijini 3.6, vijijini 5.5. Wanawake wenye ndoa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walikuwa kama 7 katika kila 100. Mwaka 2022 walikuwa 31.

Ni nini kilichobadilisha? Mimi siamini sana mabango. Naamini mambo matatu: mtoto aliyezaliwa akipona, mama haogopi kuzaa wachache, binti akikaa shuleni, hazai akiwa na miaka kumi na sita, na mama akiwa na fedha yake mwenyewe, anakwenda kliniki siku anayotaka, bila kuomba nauli na kuulizwa ya nini.

Hilo la tatu ndilo letu. Kwa miaka kumi sanduku hili lenye kufuli tatu limekuwa likifanya kazi ya sera bila kujijua. Kwa hiyo nataka tuisome katiba yetu kwa jicho hilo. Inasema asiyehudhuria mkutano atatozwa faini, na asiyenunua hisa mikutano mitatu mfululizo hatakopeshwa mzunguko huo. Ugonjwa na msiba vimesamehewa. Uzazi haukutajwa. Jamani! Mila zetu zinamwacha mzazi miezi mitatu apumzike na aletewe mtori, katiba yetu inamtoza faini wiki ya kwanza. Nimeangalia daftari. Wapo wenzetu waliojifungua, faini zikajaa, wakaona aibu, hawakurudi. Mama huyo amerudi kuomba chumvi kwa mumewe wakati ule ule anaohitaji fedha yake kuliko wakati wowote, na wakati ule ule anaotakiwa kuamua mtoto mwingine aje lini.

Najua atakayesimama aseme tukilegeza, kila mtu atapata kisingizio. Mimba haifichiki, ndugu zangu. Miezi mitatu bila faini, hisa zake azitume kwa mtu, na haki yake ya kukopa isiguswe. Sanduku halitafilisika.

La pili ni fupi. Utafiti ule wa 2022 ulionyesha kuwa wasichana 22 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba. Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu aliyejifungua arudi shule. Ruhusa ipo, lakini sare, madaftari na mtu wa kubaki na kichanga havikuja na ruhusa. Mfuko wetu wa jamii unachangia jeneza na unachangia harusi. Uchangie na sare ya binti huyo, awe wa mwanachama au wa jirani.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo haya mawili yaingizwe kwenye agenda za mkutano mkuu, kabla hatujavunja sanduku na kugawana, wakati wanachama wote wapo. Waliotuacha kwa sababu ya faini za uzazi waalikwe siku hiyo. Majina yao Katibu anayo.