Jicho Linaloona Gugu Maji
(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia vya Migori na Homa Bay)

Akina mama, wazee wetu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni mketi. Hatutakawia, maana wengine wenu mnarudi Mbita na wengine Nyatike.

Kikundi kimoja kimetuletea swali. Binti wa mwanachama amepita fizikia vizuri sana, na sasa ati anataka kusomea uhandisi wa vyombo vinavyoona kwa mwanga. Pesa za kikundi zimsaidie karo, au zinunue mbuzi wa maziwa kama ilivyopangwa? Mzee mmoja akacheka: "Vyombo vya kuona? Si ni miwani hiyo?"

Haya, tutazame. Gugu maji mnalijua nyote. Miaka ya 1997 na 1998 lilifunika Ghuba ya Winam mpaka mashua zikakwama. Wadudu wakaletwa kulila, likapungua, lakini baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006 likarudi. Mvuvi huona pale alipokwama tu. Ghuba nzima ilionekana na setilaiti. Ndani ya kamera yake mna kihisi, kidude kinachogeuza mwanga kuwa umeme, na umeme ule unaandikwa kwa namba. Kumbe jani bichi hurudisha kwa wingi mwanga fulani ambao macho yetu hayauoni, ule uliopita mwekundu, na maji huumeza. Kwa hiyo katika picha ya mwanga huo gugu linang'aa na ziwa linakuwa jeusi. Hapo unaweza kupima limefika wapi.

Wakenya wameanza kazi hii. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa angani ikiwa na kamera. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi wetu. Tuseme ukweli, kampuni ya Bulgaria ilisaidia kuitengeneza na roketi ilikuwa ya Marekani.

Na kazi za setilaiti ni chache, hatuwadanganyi. Lakini mmeona kile kibanio wanachomwekea mtoto kidoleni hospitalini akipumua kwa shida? Ni elimu ile ile. Mwanga mwekundu na ule usioonekana hupita kwenye kidole, na kihisi upande wa pili hupima kama damu ina hewa ya kutosha. Mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, ndiye aliyegundua njia hiyo miaka ya 1970. Alikufa 2020, na vifaa vyake vimejaa dunia nzima. Sasa kikiharibika huku kwetu, nani anakifungua?

Tuna jambo la kukiri. Miaka ya nyuma tulimshauri mama mmoja ampeleke binti yake cherehani, kwa sababu tulidhani fizikia ni ya wavulana. Mtoto yule alikuwa akifungua redio za jirani na kuzirudisha zikiimba. Leo anashona, na anashona vizuri, lakini akitusalimu hatumwangalii usoni. Hakuna aliyetulaumu. Sisi tunajilaumu.

Kwa huyu wa sasa: hesabu na kemia pia ziwe nzuri, fizikia peke yake haitoshi. Akipata nafasi ya chuo aombe mkopo wa HELB mapema, na mzazi aulize basari ya eneo bunge. Kikundi kinaweza kubeba nauli, godoro na vitabu, na bado mbuzi wawili wakabaki kwenye hesabu badala ya watano. Andikeni makubaliano, mwekahazina atie sahihi.

Mkutano wao ni Alhamisi. Tumeomba binti mwenyewe aitwe, aketi ndani na azungumze.