Sadaka ya Figo: Imani na Uhuru wa Mtoaji Aliye Hai

Mada kwa semina ya viongozi wa dini na watoa huduma za afya

1. Utangulizi

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi huenda hospitali mara tatu kwa wiki, na kila akienda hukaa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa saa nne hivi. Akikosa, miguu huvimba, pumzi hubana. Anayepandikizwa figo huachana na ratiba hiyo, ingawa atameza dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo hiyo kwa muda wote itakapokuwa inafanya kazi.

Zamani Watanzania walilazimika kuifuata huduma hii India. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ikaanza. Watoaji ni ndugu walio hai. Kwa hiyo swali limehamia majumbani, misikitini na makanisani: nani atoe, na atoe kwa moyo gani? Msimamo wa mada hii ni kwamba imani inaweza kumpa mtu ujasiri wa kutoa figo, lakini figo hiyo ni sadaka pale tu mtoaji alipokuwa na nafasi ya kweli ya kukataa.

2. Ndugu wawili wa Boston

Tarehe 23 Desemba 1954, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Marekani, Dk. Joseph Murray na wenzake walimpandikiza Richard Herrick figo ya pacha wake, Ronald. Ndio upandikizaji wa figo wa kwanza duniani uliompa mgonjwa miaka ya kuishi. Kabla ya kushika kisu, madaktari hao waliwaendea viongozi wa dini mbalimbali. Walitaka kujua kama ni halali kumpasua mtu asiyeumwa popote ili mwingine apone.

Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard alimwandikia Ronald kikaratasi: aondoke, arudi nyumbani. Ronald akamjibu kwa maandishi kwamba haondoki. Mgonjwa aliyekuwa akifa ndiye aliyemfungulia mtoaji mlango, na mtoaji akachagua kubaki. Richard alimwoa muuguzi aliyemhudumia hospitalini hapo, wakapata watoto wawili, akafariki 1963. Ronald alifundisha hisabati, akalima shamba, na akaishi na figo moja hadi 2010.

3. Msimamo wa dini

Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, likikutana Jeddah, liliruhusu mtu aliye hai kutoa kiungo ambacho uhai wake hautegemei, kwa ridhaa yake, mradi kisiuzwe. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Evangelium Vitae wa 1995, aliutaja utoaji wa viungo unaofuata maadili kuwa miongoni mwa matendo ya kishujaa ya kila siku. Mashahidi wa Yehova, tangu 1980, wamemwachia kila muumini aamue kwa dhamiri yake.

Mfano mmoja mkubwa uko Israeli. Rabi Yeshayahu Heber, mwalimu aliyewahi kuugua figo na kupandikizwa, alianzisha shirika la Matnat Chaim mwaka 2009. Kupitia shirika hilo mamia ya watu, wengi wao Wayahudi washika dini, wametoa figo kwa watu wasiowajua. Heber alifariki 2020 kwa UVIKO-19, na kazi ikaendelea. Imani ndiyo iliyowasukuma watoaji hao, lakini hawakuachwa peke yao: sheria ya nchi hiyo ya 2008 humfidia mtoaji kipato cha siku 40 anazokuwa nje ya kazi.

4. Mwili wa mtoaji

Mtoaji hupimwa kundi la damu, ulinganifu wa tishu, presha, sukari, uwezo wa figo zake na mpangilio wa mishipa yake. Mara nyingi hutolewa figo ya kushoto, kwa kuwa mshipa wake wa vena ni mrefu na humrahisishia mpasuaji kuiunganisha. Mpokeaji huwekewa figo chini ya tumbo, karibu na nyonga, na zile zake za zamani kwa kawaida huachwa zilipo. Vibanio vya mishipa ya damu vikiachiwa, figo iliyokuwa imepauka hugeuka ya waridi, na mara nyingi mkojo huanza kutoka hapo hapo mezani.

Hatari zipo, na asiyezitaja hamtendei haki mtoaji. Utafiti wa Marekani wa 2010, uliofuatilia watoaji zaidi ya 80,000, ulikuta vifo 3 hivi kwa kila watoaji 10,000 ndani ya siku 90. Mwingine wa 2014 ulikadiria kwamba, katika maisha yote, watoaji 90 kati ya 10,000 wangeugua figo hadi hatua ya mwisho. Kwa watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa, ni 14. Mwanamke anayetarajia kuzaa aambiwe pia kwamba uwezekano wa kupata presha ya ujauzito, inayoweza kuleta kifafa cha mimba, huongezeka.

5. Imani inapogeuka shinikizo

Jina la kijana likishatangazwa mbele ya waumini kuwa ndiye atakayemwokoa mjomba wake, atarudi nyuma vipi? Akiogopa, ataambiwa imani yake ni haba. Ndiyo maana hospitali nyingi humhoji mtoaji faraghani, bila mgonjwa wala wazee wa ukoo, na akitaka kujitoa, familia huambiwa tu kwamba hafai kuwa mtoaji. Kiongozi wa dini anaweza kuubomoa ukuta huo wa faragha kwa tangazo moja.

6. Mapendekezo

Kwanza, jina la mtoaji lisitajwe hadharani kabla ya upasuaji. Pili, shehe, padri au mchungaji akutane naye peke yake na amwambie waziwazi kwamba kukataa si dhambi. Tatu, mahubiri kuhusu utoaji yaandaliwe pamoja na daktari, na hatari zisemwe sambamba na thawabu. Nne, harambee ya matibabu imhesabu mtoaji pia: kipato cha wiki anazopumzika, nauli, na gharama za kupima presha, mkojo na damu kila mwaka kwa maisha yake yote.